Gari la safari ndefu: tazama mkia kabla ya pua

Tukiagiza gari Japani tunauliza injini, kilomita na rangi. Umbo halitajwi, na likitajwa basi ni kusifia pua iliyochongoka. Kumbe kwenye barabara kuu mafuta mengi yanaliwa na nyuma ya gari. Hewa ikishindwa kuambaa na bodi hadi mwisho hubanduka, ikaacha vurugu inayolivuta gari kurudi nyuma. Umbo zuri ni la jodari: kichwa cha mviringo, kiwiliwili kinachopungua taratibu.

Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Toka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, unakuwa mara 2.25 ya ule wa mwanzo. Kama safari zako ni Mwenge na Kariakoo, nunua gari lolote unalolipenda. Hapa nasema na mtu wa Dar–Dodoma au Nairobi–Mombasa.

Wa kwanza kwangu ni Toyota Prius. Kipimo cha ukinzani, Cd, ni 0.25 kwa kizazi cha tatu na 0.24 kwa cha nne. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo hewa inavyopita kwa ulaini. Paa linashuka taratibu kuelekea nyuma, kisha mkia unakatwa wima. Mkia kamili ungelifanya gari refu lisilopata maegesho, na Mjerumani Wunibald Kamm alishaonyesha miaka ya 1930 kwamba ukiukata mahali panapofaa hupotezi kikubwa. Ila Prius ni haibridi, yaani inatumia petroli na umeme, hivyo pima betri kubwa kabla ya kulipa, na kumbuka gari liko chini.

Wa pili ni saluni: Premio, Allion, Axio. Buti linaipokea hewa inayoshuka kiooni, na fundi yupo kila mji. Wengi wangeishia hapa, na sitawalaumu.

Vitz na Fit zina mgongo mfupi, lakini uso wao mdogo unawaokoa, kwa sababu nguvu ya hewa hutegemea Cd mara eneo la mbele.

Noah ni mkate wa boflo: uso mpana, nyuma wima. Ningekuwa na watoto watano ningeinunua na kunyamaza.

Mwombe muuzaji picha ya ubavuni, maana ya mbele huficha mkia. Na keria ya juu, siku isiyo na mzigo, ifungue uiache nyumbani.