Sanduku la kozi kutoka karakana ya mizinga Tabora: mbao safi, sakafu lazima irekebishwe

Ukitaka fundi anayejua kupiga sanduku likastahimili jua na mvua, Tabora hukosi, maana mji huu umekulia kwenye asali na mizinga. Karakana moja ya Ng'ambo inayotengeneza mizinga ya kisasa sasa inapokea oda za masanduku ya kutagia kozi, ndege mwindaji anayeishi hata mijini. Wateja wake wakubwa ni vikundi vya watu wanaojitolea kuwalinda ndege hao dhidi ya kunguru na wapinzani wengine juu ya minara ya simu na matangi ya maji. La mninga ni shilingi 180,000 na la msindano (paina) 95,000, usafiri juu yako. Tunalipendekeza, hasa la mninga, ila lisipandishwe mnarani jinsi linavyotoka karakana. Sakafu yake ina kasoro inayoweza kuharibu mayai yote, na kuirekebisha ni kazi ya saa moja tu.

Kwanza, kwa nini sanduku. Kozi hajengi kiota, awe Falco peregrinus au ndugu yake Falco biarmicus mwenye utosi wa rangi ya kutu. Hata kijiti haleti. Huparua kishimo kwenye changarawe ya jabali na jike akataga humo, au wanachukua kiota kikuukuu cha kunguru. Mjini majabali hakuna, basi kinachobaki ni kiota cha kunguru juu ya mnara, na ugomvi huanzia hapo, kwa sababu kunguru naye hurudi kudai chake. Uingereza walijibu tatizo la mahali pa kutagia kwa trei za changarawe: Kanisa Kuu la Derby liliwekewa mwaka 2006, la Norwich mwaka 2011, na kozi wakazikubali. Sanduku la Ng'ambo ni trei hiyohiyo iliyoongezewa kuta tatu na paa, nyongeza ambayo kwa jua letu ni ya lazima.

Vipimo ni vizuri. Ndani ni upana wa sm 90 na kina cha sm 60; kimo ni sm 60 mbele na 50 nyuma, hivyo paa humwaga maji kwa nyuma. Mbao ni za inchi moja, pembe zimeunganishwa kwa meno kama mzinga na kukazwa kwa skrubu. Upande wa mbele uko wazi wote isipokuwa kizingiti cha chini cha sm 15. Hicho waambie wakiongeze hadi 20. Changarawe itakula sm 8, na kwa kizingiti cha 15 zinabaki saba tu za kumzuia kinda asiviringike nje wakati mama yake anagombana na kunguru mlangoni. Gongo la kutulia nalo wanaliweka katikati, mbele kabisa. Lihamishiwe pembeni, litokeze nje ya ukuta, ili kunguru akitua asiwe anayatazama mayai moja kwa moja.

Sasa sakafu. Karakana inatoboa matundu manne ya mm 12, basi. Changarawe ndogo inadondoka kupitia hapo, au inaziba. Yakiziba, mvua moja ya upepo inatosha kufanya kidimbwi, na yai lililolala majini usiku halianguliwi. Ongeza matundu yafike 15 hadi 20, ya mm 10, yaliyotawanyika sakafu nzima, kisha tandika wavu wa dirisha juu yake na uubane kwa fito pembeni. Juu ya wavu ndipo ije changarawe.

Na changarawe yenyewe si ile wanayokupa. Wanafunga na sanduku kiroba cha kokoto za zege, zilizovunjwa kwa mashine, zenye makali na kubwa kupita kiasi. Kozi hawezi kuparua kishimo ndani yake, na yai likigeuzwa juu ya ncha za mawe hupata ufa. Tafuta changarawe ya mtoni, ya mviringo, yenye ukubwa wa mm 5 hadi 10. Ichekeche mara mbili: kwanza kwa wavu wa tundu la sm 1, utupe kinachobaki juu, halafu kwa wavu wa tundu la nusu sentimita, utupe kinachopita. Ioshe, uianike mpaka ikauke. Kwa kina cha sm 8 utahitaji lita 43 hivi, yaani ndoo mbili kubwa na zaidi kidogo. Uzito wake unakaribia kilo 70, na sanduku la mninga peke yake ni kama kilo 40. Kwa hiyo lipandishwe tupu, lifungwe kwa bolti na mabano ya chuma, ndipo changarawe ipandishwe kidogo kidogo kwa viroba. Kulipandisha likiwa limejaa ni kuhatarisha mtu aliye chini.

Jambo la pili ni kile wanachopaka. Mafundi wengi wa mbao hapa hupaka oili chafu ili kuzuia mchwa, na hawa wanafanya hivyohivyo bila kuuliza. Kataa kabisa. Oili hushika manyoya ya kifuani, kutoka hapo huhamia kwenye yai, huziba vitundu vya ganda na kiumbe kilichomo hukosa hewa. Mninga hauhitaji kupakwa kitu. Msindano unaweza kupakwa rangi ya maji kwa nje tu, ukaachwa ukae nje mpaka harufu iishe. Wenzetu wa Kigoma, wanaoweza kupakia sanduku kwenye treni, wasihangaike na msindano hata kwa bei yake. Unyevunyevu wa ziwani utauozesha mapema.

Tatu ni nta. Fundi wa mizinga ana mazoea ya kupaka nta ndani ili nyuki waingie haraka, na vipande vya mbao kutoka mizinga ya zamani huwa anavyo mezani. Sanduku lako likinusa nta, usishangae kukuta kundi la nyuki kabla ya kozi, na kundi likishaingia juu ya mnara wa mita 30 hakuna wa kulitoa kwa urahisi. Sema wazi wakati wa kuweka oda: mbao mpya, bila nta.

Hapo hapo kuna kosa la upande wa wanunuzi. Wengi wameshauriwa kulifunga sanduku kwa ubao miezi ambayo si ya kutaga, ili wapinzani wasilizoee. Wazo ni sahihi, kifaa ndicho si sahihi. Sanduku lililofungwa kwa ubao, lenye giza na upenyo mdogo, ni mzinga kamili. Tumia fremu ya wavu wa kuku, mwanga uingie. Iwekwe baada ya mvua kuanza kukolea, itolewe mwezi wa tano mwishoni, kabla kozi hawajaanza kuchumbiana angani. Na kama tayari kuna jozi inayolala humo, usiweke kitu.

Wavu huo ndio kinga ya kweli dhidi ya bata bukini. Bata huyu wa mabwawani, anayeonekana pia kwenye bwawa la Igombe, anapenda sehemu pana za juu na akishatulia haondolewi na kozi. Ana uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu. Huko Cape Town wanajulikana kwa kuwapora vipanga weusi viota vyao walivyovijenga kwa jasho. Akitaga kwenye sanduku lako, msimu umekwisha, maana mayai yake huruhusiwi kuyagusa bila kibali.

Mdomo wa sanduku uelekee kusini. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kiangazi chote jua hupita upande wa kaskazini, mpaka linapokuwa utosini mwanzoni mwa Oktoba. Ukielekeza kusini, makinda wanapata kivuli miezi yote ya hatari. Ukielekeza magharibi, jua la saa tisa linawaoka. Wakikuwekea bati juu ya paa, liinuliwe sm 5 kutoka kwenye mbao ili hewa ipite. Urefu usipungue mita 20 kutoka chini, na kazi yote ya kupanda ifanywe na mafundi wa mnara wenyewe, kwa ruhusa ya mwenye mnara, wakiwa na mikanda na helmeti. Waombeni pia matengenezo yasiyo ya dharura yasiangukie miezi ya mayai na makinda.

Upande wa ulinzi, karakana inatoa karatasi moja ya maelekezo, na humo kuna ushauri mbaya: piga makopo au rusha fataki kunguru wakija. Kelele inayomwondoa kunguru inamwondoa na kozi, na kunguru ndiye anayerudi kwanza. Huja wawili wawili. Mmoja humchokoza mama kwa mbele, mwenzake anadokoa yai. Manati nayo ni marufuku kwetu. Kinachofanya kazi ni kuondoa kinachowaleta: mabaki ya machinjio yafukiwe, ndoo za makombo za mama lishe zifunikwe, jalala lisogezwe mbali na mnara. Viota vikuukuu vya kunguru kwenye minara mingine msivivunje, kwani kozi wasio na sanduku wanavitegemea.

Zamu zipangwe kwa vipindi, siyo miezi yote kwa nguvu ileile. Kozi hutaga mayai matatu au manne, kila moja kwa tofauti ya siku mbili hivi, na haatamii sawasawa mpaka yanapokaribia kutimia. Siku hizo mayai hubaki wazi mara kwa mara, na kunguru wanajua. Weka watu wawili kuanzia macheo, mita 100 au zaidi kutoka mnarani, na darubini ya 8x42. Mkiona kunguru wanakusanyika, tafuteni chakula kilichowavuta. Kuatamia huchukua mwezi na siku chache; wakati huo zamu ya asubuhi na ya jioni inatosha. Ongezeni tena makinda wakifika wiki ya tatu, mama anapoanza kuwinda na kuwaacha peke yao, na tena karibu wiki ya sita, wanapojaribu kuruka.

Kinda akianguka bila jeraha, afunikwe kwa kitambaa, awekwe kwenye boksi la katoni lenye matundu, apelekwe juu ya paa la karibu ambalo mbwa na paka hawafiki. Asipewe maji wala chakula. Ofisa wanyamapori apigiwe kabla ya kumgusa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiwaachii watu wa kujitolea kushika ndege wala mayai kwa hiari yao. Na akija kozi mgeni kupigania sanduku, msiingilie. Mapigano hayo ni makali, pengine mayai hupotea, lakini hakuna mlinzi anayeweza kuchagua mshindi bila kuharibu zaidi.

Kwa huduma, karakana inasikiliza. Mabadiliko yote yaliyotajwa hapa wanakubali kuyafanya bila kuongeza bei, isipokuwa fremu ya wavu, ambayo ni 15,000. Udhaifu wao ni muda: wiki mbili wanazoahidi huwa nne, kwa sababu oda za mizinga hutangulia. Weka oda mwezi wa tatu, andika kwenye karatasi "kizingiti sm 20, matundu 20, bila oili, bila nta, bila kokoto", na ulikague karakanani kabla guta halijapakia.