Picha, Rozari na Kijitabu cha Huruma ya Mungu: Tathmini ya Kifurushi cha Sala ya Nyumbani

Kifurushi ninachokitathmini hapa kina picha ya Yesu wa Huruma yenye fremu ya mbao na kioo, rozari ya shanga nyeupe, na kijitabu chenye Rozari ya Huruma ya Mungu, novena (sala ya siku tisa) na maelezo mafupi ya historia ya ibada hii. Vifaa vya ibada vya namna hii vinapatikana kwa urahisi, na wengi wetu huvinunua kwa kutazama ukubwa na uzuri wa nje tu. Naamini vinastahili kukaguliwa kwa makini zaidi ya hapo, kwa sababu picha inayotundikwa mahali pa sala hutufundisha kila siku Mungu ni nani kwetu, na kijitabu kinachoeleza vibaya upendo wake kinaweza kumfanya mwamini asali miaka mingi kwa hofu, pale ambapo alipaswa kusali kwa matumaini. Kwa hiyo nimekipima kifurushi hiki kwa jambo moja kabla ya mengine yote: kama kinamsaidia mtu kuitumainia huruma ya Mungu kiasi cha kuwahurumia wenzake.

Nianze na picha, ambayo ndiyo kazi bora kuliko vingine vilivyomo. Asili yake ni njozi aliyoipata Sista Faustina Kowalska, mtawa wa Poland, tarehe 22 Februari 1931 katika konventi ya Płock, alipomwona Yesu amevaa kanzu nyeupe, mkono mmoja ameuinua kubariki na mwingine ukigusa vazi kifuani, mahali ambapo miali miwili ilikuwa ikitoka, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Mtengenezaji amezingatia mambo haya yote. Makovu ya misumari yanaonekana wazi mikononi na miguuni, na jambo hilo ni la lazima, kwa kuwa anayetubariki hapa ni yuleyule aliyesulubiwa, akiwa amefufuka bila kuziacha alama za mateso yake. Miali nayo ina maana iliyo wazi kwa yeyote anayeikumbuka Injili ya Yohane, sura ya 19, aya ya 34, ambapo askari alimchoma Yesu ubavu kwa mkuki, mara ikatoka damu na maji. Mweupe unaashiria maji yanayowatakasa watu, na mwekundu damu iliyo uzima wa roho zao. Katika nakala hii rangi nyekundu imekolea vizuri, ila karibu na kifua miali imeingiliana mno hata ikawa doa moja la waridi, na mtu anayeitazama kwa mbali hawezi kutambua kwamba ni miwili.

Kasoro inayonisumbua zaidi iko chini. Fremu imebana karatasi kiasi cha kuufunika ukingo wa maandishi ya «Yesu, nakutumainia», na herufi zinaonekana kama zimekatwa nyayo. Baadhi ya wanunuzi wataliona hilo kuwa jambo dogo, lakini maneno hayo si pambo lililoongezwa na mchapishaji, maana Faustina aliagizwa kwamba picha ichorwe pamoja nayo, na ndiyo jibu la mwamini kwa yule anayemtazama. Picha bila sala hiyo ni nusu ya mazungumzo. Bahati nzuri, vibanio vya nyuma vinafunguka kwa mkono, karatasi inaweza kusogezwa juu kidogo, na maandishi yakaonekana yote. Fanyeni hivyo kabla ya kuitundika, na msiitundike ikielekeana na dirisha, kwa sababu kioo chake kinarudisha mwanga na mchana uso wa Bwana haupatikani kabisa.

Picha hii inafuata mtindo wa mchoraji Adolf Hyła, aliyeanza kuichora kwa ajili ya watawa wa Łagiewniki, Kraków, mwaka 1943, na ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Iko nyingine iliyoitangulia, iliyochorwa na Eugeniusz Kazimierowski mjini Vilnius mwaka 1934 kwa usimamizi wa Padri Michał Sopoćko, muungamishi wa Faustina, na hiyo ndiyo pekee ambayo Faustina mwenyewe aliiona ikichorwa. Tofauti kubwa iko machoni: katika picha ya Vilnius, Yesu anaangalia chini, kama atazamavyo kutoka msalabani, ilhali katika hii anamtazama mtu ana kwa ana. Binafsi naipenda zaidi ile ya Vilnius kwa sala ya toba, lakini nakiri kwamba kwa sala ya familia macho haya yanayokutana na ya kila aliyeketi chumbani yana nguvu yake. Inafaa kukumbuka pia kwamba Faustina alilia alipoona kwamba kazi ya Kazimierowski haikufikia uzuri wa yule aliyemwona, naye akajibiwa na Yesu kwamba ukuu wa picha hauko katika rangi wala brashi, bali katika neema ya Mungu. Nililitafakari jibu hilo nilipokuwa nikikagua wino na fremu, na halikunifanya niache kudai kazi safi, ila limenisaidia kutomwambia yeyote aitupe picha yake iliyofifia.

Rozari haihitaji maneno mengi. Ni rozari ya kawaida ya makumi matano, mnyororo wake ni imara, na pete zinazounganisha shanga zimefungwa barabara, hazinasi kwenye nguo. Namsifu muuzaji kwa kutodai kwamba Rozari ya Huruma inahitaji shanga za namna ya pekee. Haihitaji, kwani tangu Faustina alipoipokea sala hii mjini Vilnius mwezi Septemba 1935, imekuwa ikisaliwa kwa rozari ileile ya Bikira Maria.

Kijitabu ndicho kilichonifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Herufi zake ni kubwa na karatasi haing'ai, na ubora huo niliuthamini nilipokitumia kando ya kitanda cha ndugu mgonjwa, usiku, kwa taa hafifu. Sala yote ya Rozari ya Huruma imepangwa katika kurasa mbili zinazotazamana, hivyo msomaji halazimiki kufunua ukurasa katikati ya kumi. Anayeongoza anamtolea Baba wa milele Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanae, wengine wanaitikia «utuhurumie sisi na dunia nzima», na mgonjwa asiye na pumzi ya kutamka sentensi ndefu anaweza bado kuitikia maneno hayo machache. Ibada hii imewapa watu walio kufani nafasi ya pekee, na mpangaji wa kurasa hizi, awe amekusudia au hakukusudia, amewarahisishia kazi wale wanaowauguza.

Novena yake imechapishwa kamili, nami naiona kuwa sehemu yenye utajiri mkubwa kuliko zote. Huanza Ijumaa Kuu na kukamilika Jumamosi ya kuamkia Dominika ya Huruma ya Mungu, yaani Dominika ya pili ya Pasaka, na kila siku mwamini analeta mbele ya huruma hiyo kundi la watu: siku ya kwanza wanadamu wote, hasa wakosefu, kisha mapadri na watawa, waamini wacha Mungu, wasiomjua Kristo bado, waliojitenga na umoja wa Kanisa, wapole na watoto wadogo, wanaoitukuza huruma yenyewe, na roho za toharani. Siku ya tisa inawahusu walio vuguvugu. Napenda msomaji asikimbilie kuimaliza siku hiyo. Tungetarajia orodha iishie kwa watakatifu, au angalau kwa wakosefu wa kutisha, lakini inaishia kwa watu ambao hawajatenda uovu mkubwa wala hawajapenda sana, ambao imani yao imepoa bila wao kushtuka; na Faustina ameandika kwamba hao ndio walioutia Moyo wa Yesu uchungu zaidi katika bustani ya Mizeituni. Kwamba hata wao wanaletwa, na wanaletwa na wengine kwa kuwa wao wenyewe hawana hamu ya kuja, kunaonyesha upana wa upendo huu kuliko hotuba ndefu. Kijitabu kingeweza kuongeza hapo aya moja ya maelezo, lakini kimenyamaza.

Kwenye historia kimenyamaza pia, na ukimya huo siukubali. Kinaruka kutoka kifo cha Faustina, tarehe 5 Oktoba 1938, hadi alipotangazwa mtakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 30 Aprili 2000, kana kwamba njia ilikuwa nyoofu. Ukweli ni kwamba mwaka 1959 Ofisi Takatifu, idara ya Vatikani iliyosimamia mafundisho ya imani, ilizuia kuenezwa kwa picha na maandishi ya ibada hii kwa namna alivyoieleza Faustina, na zuio hilo halikuondolewa hadi mwaka 1978, baada ya maandishi ya asili kuchunguzwa upya. Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, akiwa Askofu Mkuu wa Kraków, ndiye aliyeanzisha mwaka 1965 uchunguzi wa maisha ya mtawa huyo katika jimbo lake. Padri Sopoćko alifariki mwaka 1975 bila kuona zuio likiondolewa, akatangazwa mwenyeheri mwaka 2008. Kwa nini kumficha mwamini mambo haya? Yanaonyesha jinsi Kanisa linavyopima mafunuo ya binafsi kwa uvumilivu, na yanamtia moyo anayesubiri kwa utii jambo ambalo halijaeleweka.

Kosa zito liko katika ukurasa wa mwisho. Hapo msomaji anaambiwa kwamba akisali Rozari hii kwa idadi fulani ya siku bila kuruka, ombi lake litatimizwa bila shaka, na kwamba akiacha katikati aanze upya. Hakuna jambo kama hilo katika mafundisho ya Kanisa kuhusu ibada hii, na ukurasa huo unaivunja sala yote iliyoutangulia, kwa sababu unamgeuza Baba anayetoa bure kuwa mwenye duka anayehesabu malipo. Nimefikiria mama mwenye mtoto mgonjwa akisoma maneno hayo, akapitiwa na usingizi siku moja kabla ya kumaliza sala, halafu akaishi akijilaumu kwamba yeye ndiye aliyeikosesha nyumba yake muujiza. Hilo haliwezi kuitwa matumaini. Mchapishaji auondoe ukurasa huo, na kama kuna muungano wa karibu wa ahadi na sala anaotaka kuueleza, basi aeleze rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa, iliyotolewa kwa Dominika ya Huruma ya Mungu mwaka 2002 pamoja na masharti yake ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliojitenga na kila dhambi.

Nafasi ya ukurasa huo ingetosha pia kwa jambo ambalo kijitabu hakikuligusa hata kwa sentensi moja, nalo ni matendo ya huruma. Faustina aliandika kwamba huruma kwa jirani hutekelezwa kwa njia tatu, yaani tendo, neno na sala, na kwamba imani bila matendo haifai kitu. Sala imepewa kurasa zote. Tendo na neno hayana hata kichwa cha habari. Mathayo sura ya 25, ambapo Bwana anajitambulisha na mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa, ingepaswa kuwa katika kila kijitabu cha namna hii, iwe mwanzoni au mwishoni. Nimeiandika rejea hiyo kwa kalamu ndani ya jalada la nakala yangu, na nawashauri wanaokitumia katika jumuiya wafanye hivyo, wakaamue pamoja ni nani wa kutembelewa baada ya sala.

Kama nyongeza, kijitabu kimewekewa Litania ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na nyongeza hiyo ni ya busara. Ibada ya Moyo Mtakatifu, iliyopata sura yake kutokana na mafunuo ya Mtakatifu Margareta Maria Alacoque kule Paray-le-Monial, Ufaransa, kuanzia mwaka 1673, inahusu upendo uleule. Na katika picha ya Yesu wa Huruma, ingawa moyo wenyewe hauchorwi, miali inatoka palepale ulipo. Papa Fransisko aliurudia Moyo huo katika waraka wake wa tarehe 24 Oktoba 2024, kwa hiyo atakayesali litania hii hataona kwamba anaokota desturi iliyosahaulika.

Muuzaji hadai kwamba vifaa vyake vimekwisha kubarikiwa, na amefanya vyema, kwani baraka si sehemu ya bidhaa. Mnunuzi avipeleke kwa padri.

Kwa familia isiyo na picha wala rozari, nakipendekeza kifurushi chote, mradi ukurasa wa mwisho wa kijitabu uondolewe kabla hakijamfikia mtu mwenye dhamiri yenye wasiwasi. Aliye na rozari tayari anunue picha peke yake, na anayewahudumia wagonjwa anunue kijitabu peke yake, kwa sababu ya zile herufi kubwa na zile kurasa mbili zinazotazamana. Muuzaji anaviuza pia kimoja kimoja.