Kind of Blue: chapa ya zamani au iliyorekebishwa?

Nianze na jibu kwa wale wasio na subira: kama santuri unainunua ili uisikilize, chukua toleo lililorekebishwa kasi. Kama unataka kuwa nayo tu kabatini na kuwaringishia wenzako, hiyo ni starehe nyingine, na siwezi kukukataza.

Mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis na wenzake waliirekodi Kind of Blue mwaka 1959 kwa vikao viwili, 2 Machi na 22 Aprili, katika studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya Mtaa wa 30, New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Agosti mwaka huohuo ikatoka. Wakusanyaji wanaisaka chapa ya mwanzo, ile ya "macho sita": lebo yake ina alama sita zinazofanana na macho, tatu kila upande wa tundu. Wenye ugonjwa zaidi wanataka nakala zilizokosewa kuchapwa. Kwenye jalada la mwanzo jina la mpiga saksofoni Cannonball Adderley limepungukiwa herufi, na kwenye orodha ya upande wa pili wa santuri "All Blues" na "Flamenco Sketches" zimebadilishana nafasi. Mimi sina ugomvi nao, stempu zilizokosewa nazo zina wapenzi wake.

Ila kuna kosa ambalo haliko kwenye karatasi, liko kwenye muziki wenyewe. Siku ile ya 2 Machi mashine mbili zilikuwa zikirekodi kwa pamoja, moja kanda kuu, nyingine kanda ya akiba. Ya kanda kuu ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Sasa kanda iliyorekodiwa polepole, ukija kuicheza kwa mwendo wa kawaida, muziki unakwenda mbio na sauti zote zinapanda. Upande wa kwanza mzima, nyimbo tatu, ukatoka hivyo na kuuzwa hivyo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ndipo lilipotengenezwa toleo lililotumia ile kanda ya akiba, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia kikao kile kwa mwendo wake.

Tofauti yenyewe ni ndogo, sauti haijapanda hata kufikia ufunguo wa jirani kwenye piano. Anayesikiliza huku anapiga pasi hataijua kamwe, na maisha yake yataendelea vizuri. Mimi napiga kinanda, na hapo ndipo shida ilipo. Mpiga gitaa atakaza nyuzi zake kidogo, mpiga tarumbeta atasogeza bomba, lakini mimi na funguo zangu hatuna pa kwenda. "So What", mojawapo ya nyimbo zile tatu, imejengwa juu ya noti ya D kwa mizunguko miwili, inapanda nusu hatua mzunguko mmoja, kisha inarudi. Wimbo mwepesi kabisa kuufuata. Nikiweka chapa ya zamani, kila ninachobonyeza kinagombana na piano ya Bill Evans. Nikiweka iliyorekebishwa, tunapatana tangu Paul Chambers anapouliza swali lake kwa besi na wenzake kumjibu kwa mapigo mawili.

Na mwendo nao unasikika, hasa kwenye "Blue in Green". Cannonball hayumo humo. Miles ameweka kiziba mdomoni mwa tarumbeta, Coltrane anaingia na saksofoni yake kwa upole usio wa kawaida yake, na kila mtu anaacha nafasi. Wimbo wa namna hii ukiukimbiza hata kidogo unaupunguzia pumzi. "Freddie Freeloader", ambayo Wynton Kelly ndiye aliyekaa kwenye piano, ni mchangamfu kiasi kwamba haidhuriki sana. Ukiniambia unaipenda ilivyochangamka kwenye chapa ya zamani, nitakuelewa.

Wanaotetea chapa ya zamani husema ina joto. Inawezekana, nakala ikiwa nzima. Nyingi zimechezwa na sindano mbovu kwa miaka, na pa kujulia ni pale solo ya Miles inapoanza kwenye "So What". Jimmy Cobb anapiga toazi kwa nguvu, na mlio wake unatakiwa kubaki ukitandazika chini ya noti za kwanza za tarumbeta, ukififia taratibu. Kwenye nakala iliyochoka unapata mchakacho kama wa mafuta kikaangoni, tarumbeta inaingia juu ya uchafu. Kabla ya kulipa, omba uchezewe hapo tu.

Toleo jipya nalo lisikufanye ulale. Nimewahi kupata nakala mpya, bado na nailoni yake, tundu limetobolewa pembeni ya katikati. Ulikuwa ukiona mkono wa sindano unayumba kushoto na kulia kila mzunguko, na piano inalewa. Kasi imerekebishwa kiwandani, halafu tundu linaiharibu upya! Ukiona mkono unayumba hivyo, rudisha.

Kutambua toleo ni lipi, soma nyuma ya jalada. Mengi yaliyorekebishwa yanasema hivyo. Kama halisemi, tafuta kinanda cha umeme kilichotyuniwa kawaida, hakikisha mashine yako ya santuri inazunguka sawasawa, kisha shika D wakati "So What" inacheza. Ikikaa, ni lenyewe. Ikikusumbua sikio, ni la zamani.

Na wewe mwenye macho sita tayari, usiiuze kwa hasira. Upande wa pili ulirekodiwa Aprili, mashine ikiwa nzima, kwa hiyo "All Blues" na "Flamenco Sketches" unazo kama zilivyopigwa, hata kama lebo yako imezipa majina ya kubadilishana.