Huduma ya kuchinja Wete, Pemba, kwa sie tulio Uingereza: nyota nne

Nipo Leicester mwaka wa 19 sasa. Mwaka jana nililipia udhhiya, mnyama wa kuchinja Idd kubwa, kwa taasisi moja ya hapahapa Uingereza, nikapata ujumbe wa simu: umeshachinjiwa. Nchi gani, mnyama gani, nani kala, hakuna. Nililia. Kwetu Pemba nyama ya Idd hupelekwa na watoto mlango kwa mlango, na anayepokea anamjua aliyechinja.

Mwaka huu nikampata kijana wa Wete anayewachinjia watu walio nje. Mbuzi shilingi 280,000, ada yake 30,000. Kabla sijatuma pesa alinipigia simu ya video, akamfunua mbuzi mdomo nione meno, maana kwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, mbuzi wa udhhiya awe ametimiza miaka miwili. Kisha akamtembeza nihakikishe hachechemei. Akanitaka nitamke mwenyewe kwamba namfanya wakili wangu anichinjie. Kijana akamlipa mchinjaji pesa. Hakumpa ngozi wala nyama kuwa ujira. Yote hayo sikumuuliza mimi, na ndiyo yaliyonituliza moyo.

Nilichokiogopa ni mwezi. Msikiti ninaosali hapa hufuata Makka, Wete walingojea tangazo la Mufti, tukapishana siku moja. Tangu mwezi mosi wa Mfungo Tatu, yaani Dhulhija, sikuwa nimekata kucha wala nywele, maana mwenye kuchinja hungoja mpaka mnyama wake achinjwe. Kijana akaniwahi: "Dada, mbuzi wako anachinjwa kwa Idd ya huku, kucha usikate bado." Basi nikasali Idd, nikapika pilau, nikapokea wageni, kucha vilevile. Kesho yake saa moja asubuhi, kwao saa tatu, simu ikaita. Nikamwona mbuzi amelazwa kuelekea kibla, nikasikia Bismillahi, Allahu Akbar, na jina langu likitajwa.

Nyota moja nimeizuia kwa ajili ya mgao. Nilimtajia nyumba saba za kupelekewa nyama. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyenisomesha Juzuu Amma, akasahauliwa, mpaka nilipouliza jioni ndipo akapelekewa. Mzee yule hatoki tena nje, na ndiye niliyemtaja wa kwanza. Kijana aandike majina, asiyaweke kichwani. Mwakani nitamwagiza tena, na mapema zaidi.

Ini lilikwenda kwa mama kabla ya kitu chochote, kama nilivyoomba. Alinipigia akasema amelikaanga kwa ndimu na pilipili manga, nami nipo bafuni nakata kucha.