Boti ya faiba ya mwani: nyota tatu na nusu

Wenzangu mnaoniuliza kila siku kama hizi boti za uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, ambazo serikali imetukopesha vikundi vya mwani, zinafaa au ni za kupigia picha tu, nakujibuni hapa pamoja maana nshachoka kujibu mmoja mmoja. Kikundi chetu kiko Pemba, upande wa Micheweni, sote wanawake kasoro vijana wawili wa mashine, na boti tunayo tangu zilipogaiwa, ishapigwa jua ishakwaruzwa na mawe, kwa hio sisemi ya kusikia.

Boti yenyewe nzuri, wallahi. Faiba, nyepesi, tunaiburura wenyewe mpaka mchangani bila kuita wanaume. Katikati ina nafasi ya kutosha polo, yaani magunia, za mwani mbichi na bado watu mnakaa. Anaejua kazi ya mwani anajua nnachosema, zamani polo ni kichwani, maji ya kiuno, chumvi inachuruzika machoni na mgongoni na chini kuna mawe, ukifika juu huna hamu hata ya kula. Wale kina bibi waloanza kazi hii ndio nawaonea huruma, mwani wa biashara umeanza huku kwetu 1989, mbegu zikaletwa kutoka Ufilipino, ukaanzia Unguja upande wa Paje na Jambiani, na miaka yote hio kifaa cha usafiri kilikuwa shingo ya mwanamke.

Lakini boti haikuja kwa ajili ya shingo tu na hapa ndio watu wengi hawaelewi wanasema serikali imetupa pesa baharini. Mwani tunaolima uko wa aina mbili, spinosum na kotonii. Kotonii ndio wenye bei, spinosum ndio wa kujikimu. Sasa maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, kotonii inaoza, inaingia weupe, inakatika kwenye kamba unaiona inaelea inakwenda zake. Wataalamu kama Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, wamelisema hili miaka mingi, kwamba kama tunataka kotonii tuipeleke maji ya kina ambako kuna ubaridi, na wakajaribu mpaka vyavu vya mfano wa bomba badala ya kamba na vigingi. Haya, kwenye kina unakwenda na nini? Huwezi kusubiri bamvua maji yatoke ndo uingie na miguu. Ndio boti. Kwa hio mtu alokaa akasema pesa ziende kwenye boti hakukosea, alilijua tatizo.

Na pesa zilikuwepo. Kwenye ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wa wakati wa korona Zanzibar ilipata shilingi bilioni 230, nyengine zikenda skuli, hospitali, maji, masoko, na nyengine zikaja kwetu huku pwani. Tangu 2020 tuna wizara nzima ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, hotuba kila kukicha, kwa hio angalau safari hii hotuba imeota injini nyuma.

Sasa injini. Mashine tuliopewa ni ndogo kwa mzigo huu, upepo wa kusi ukivuma mnarudi mnatambaa. Mafunzo tulipewa ya kuwasha na kuzima, ya kutengeneza hatukupewa, na ilipoharibika fundi alotajwa kwenye karatasi akawa hapokei simu, kifaa cha mashine Pemba hakipo mpaka kivuke kutoka Unguja, boti ikalala wiki tatu huku mwani unaota kwenye kamba mpaka unakatika. Simtaji mtu wala duka, ila nasema tu anaeuza mashine ana deni la kuweka fundi kisiwani. Petroli pia, hesabu ya petroli haimo popote kwenye makaratasi ya mkopo, mnachangishana mlangoni. Jaketi za kuokolea zilikuja chache kuliko watu, na wengi wetu hatujui kuogelea. Mwanamke wa pwani hajui kuogelea, ndio, msicheke, tulikuwa tunaingia maji yakitoka.

Hapo nyota moja na nusu imeondoka.

Lakini kilichonikera zaidi si mashine, ni kwamba pesa imeishia mchangani. Tunaleta mwani mwingi kuliko zamani, sawa, tukishaushusha? Kilo saba nane za mbichi ndio upate kilo moja kavu, na pa kukaushia ni pale pale, chini kwenye mchanga au majani ya mnazi, vichanja vya kubahatisha, ikija mvua ya masika unakimbia na turubai na nusu inakuwa ya kutupa. Pesa ya boti moja ingetengeneza vichanja vingapi vya maana na banda la kuwekea? Mngetoa boti kumi mkatoa na mabanda mawili ningekuwa na nyota tano hapa.

Halafu bei. Karafuu hapa hapa Pemba mnunuzi ni shirika la serikali, ZSTC, na bei inatangazwa, miaka kadhaa kilo ilikaa kwenye 14,000 mtu anajua kabla hajapanda mti. Mwani tunauza kwa makampuni, wanakuletea kamba, tai-tai za kufungia na mbegu halafu bei wanapanga wao, sisi spinosum kilo kavu mara ya mwisho tumeuza mia nane. Sasa mimi nikiongeza mzigo kwa boti ya mkopo na bei ikabaki mia nane, alopata nafuu nani? Kiwanda cha kusarifu mwani kwenye eneo la viwanda la Chamanangwe hapa Pemba ndio kitu nnachokisubiri kuliko boti ya pili. Umeme haujambo tangu ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga 2010, barabara ya Chake Wete imekuwa nzuri, kwa hio vitu vya kushika kiwanda vipo. Hata sabuni ya mwani tunaipika wenyewe majumbani, hatuna mashine, inauzwa kwa wageni Unguja bei ambayo nikiitaja mtasema naongeza chumvi.

Kwa hio kikundi chenu kikiitwa, chukueni, msikatae boti. Ila kabla ya kusaini ulizeni mashine ina nguvu ya farasi ngapi na itieni majaribio mkiwa na mzigo, ulizeni fundi anakaa Pemba au Unguja, hesabuni jaketi mbele yao, na marejesho yaanze baada ya mavuno ya kwanza si mwezi ule ule maana mwani unataka wiki sita kwenye maji. Sisi tulibishana hilo la mwisho mpaka jua likachwa na wakakubali.