Hadithi za African Storybook darasa la pili: nimezitumia muhula mzima

Walimu wenzangu mnaofundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hebu nisikilizeni. Darasani nina watoto 87, silabi wanaziimba vizuri tu, ba be bi bo bu, ila mpe sentensi ambayo hajawahi kuiona anakodoa macho. Ndo nikaanza kutumia African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto za bure kabisa, wenyewe ni shirika la Saide la Afrika Kusini, kuna lugha kibao za Afrika na Kiswahili kipo cha kutosha.

Nilichokipenda kwanza ni ngazi. Ziko 5, ya kwanza ni maneno machache sana na picha, halafu sentensi, aya fupi, aya ndefu, mwisho zile ambazo mwalimu ndo anawasomea. Kwa hiyo anayekwama kwenye mwa na nywe hapewi hadithi moja na yule anayeteleza tu. Na bando haliishi ovyo maana ipo programu ya simu, unashusha hadithi ukiwa na mtandao, shuleni unafungua bila intaneti.

Ila kuandika ndo kumenifurahisha mno. Hadithi zina leseni ya Creative Commons, yaani unaruhusiwa kuprinti, kutafsiri, hata kubadilisha maneno bila kuomba ruhusa, ilimradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Basi nikafunika maneno kwa karatasi nyeupe, nikachora mistari miwili chini ya picha, ndo nikatoa kopi. Watoto wanne wanne, ukurasa mmoja, waongee kwanza wakubaliane picha inasema nini halafu waandike. Binti mmoja ambaye tangu Januari alikuwa ananakili tu ubaoni akapata picha ya kuku mlangoni, akaandika "kuku anamgonjea mama arudi sokoni". Sikumsahihisha, nikamwambia haya nisomee mwanangu. Akasoma huku kidole kinafuata kila neno, kufika pale akasema "anamgojea", akasimama, akarudi nyuma, akaiona ile n mwenyewe, akaifuta. Jamani nilitaka kulia.

Kabla ya kuwapa watoto soma wewe kwanza, maana hadithi zinaandikwa na kutafsiriwa na watu wa sehemu tofauti, ukikuta neno "matatu" la Kenya na watoto wako wanajua daladala badilisha tu, hiyo ruhusa unayo. Shida kubwa kwangu ni kopi. Stesheneri ya karibu na shule ni shilingi 100 kwa ukurasa, na siku moja walinichanganyia kurasa zote nikakaa mpaka usiku nazipanga sakafuni. Siku hizi naprinti hadithi moja tu kwa wiki, nakala moja kwa kila kundi, naikunja na kupiga stepla. Mwenye darasa la watoto 30 atafaidi zaidi yangu.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja ni ya kopi, hadithi zenyewe sina neno nazo. Vijitabu walivyoandika wenyewe nimeviweka kwenye boksi chini ya dirisha, na mapumziko wanavigombania kuliko vya kiada, kila mmoja anatafuta ukurasa aliouandika yeye amsomee mwenzake.