Kipima unyevu cha kununua Unguja na Pemba: tazama chumvi kwanza

Malalamiko ni yale yale kila masika. Mtu kanunua kipima unyevu cha sindano, kakichoma kwenye ukuta wa nyumba anayotaka kupanga, taa nyekundu ikawaka, nyumba akaiacha. Au fundi kampigia hesabu ya kubandua plasta yote kwa ushahidi wa taa hiyo hiyo. Kumbe ndani ukuta mkavu, kilichosomwa ni chumvi.

Wenye maduka hawalisemi hili. Kifaa hupitisha umeme mdogo baina ya sindano mbili, na namba zake zimepangwa kwa mbao. Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba nyingi za karibuni zimejengwa kwa mchanga wenye chumvi. Chumvi huvuta maji ya hewani na kupitisha umeme vizuri. Kwa hivyo asilimia 25 kwenye boriti ni jambo la kutia wasiwasi, lakini 25 kwenye ukuta wa Mji Mkongwe si asilimia ya maji hata kidogo. Inakusaidia tu kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine.

Ndiyo maana wa kwanza kwangu ni Protimeter Surveymaster, na upendeleo wangu siufichi. Ina sindano, ina upande wa kupima bila kuchoma unaofika kiasi cha milimita 19 ndani, na inapokea sindano ndefu za kuingizwa kwenye tundu la drili. Hizo ndefu ndizo zinazopunguza ubishi. Anza sentimita 10 juu ya sakafu, panda kila sentimita 20 mpaka usawa wa kifua, na kila namba iandike kwa penseli pale pale ukutani. Zikiwa kubwa chini kisha zikaanguka ghafla kwenye mstari mmoja, huenda maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Zikirukaruka bila mpango, shuku chumvi. Sasa toboa matundu mawili (mwenye nyumba aambiwe kwanza) upime ndani: juu nyekundu na ndani kijani, shida iko usoni tu, ama chumvi ama jasho la ukuta, ndani nako nyekundu, huenda ni maji kweli: tafuta bomba au paa linalovuja, au maji ya msingi, ingawa chumvi iliyoingia ndani nayo huipandisha namba. Kwenye zege usiuamini upande usiochoma, kwani nondo nazo hupandisha namba.

Wa pili ni Extech MO55. Nayo inapima kwa njia zote mbili na bei yake inabebeka zaidi, ila sindano zake fupi hazifiki nyuma ya plasta nene.

Wa tatu ni ThermoPro TP50, wa kupimia unyevu wa hewa. Ukikinunua kijaribu: chumvi ya mezani kifuniko kimoja cha chupa, matone machache ya maji mpaka iwe uji mzito, weka pamoja na kifaa kwenye mfuko uliofungwa vizuri usiku kucha. Kisome asilimia 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kila unapopima. Kiweke nyuma ya kabati, kawa inakoanzia, si katikati ya chumba. Ile asilimia 60 ya unyevu wa hewa inayoshauriwa Marekani usiitegemee hapa masika bila kiyoyozi. Linganisha na barazani.

Vya sindano visivyo na jina vinafaa kwa milango na boriti, basi.

Visahani vya kuotesha kuvu usinunue kabisa. Mbegu zake zimo katika hewa ya kila nyumba, hivyo kisahani kitaota tu. Doa jeusi litie tone la Jiki iliyozimuliwa: likipauka ndani ya dakika chache, aghlabu ni kuvu, uchafu hubaki. Unga mweupe ukiyeyuka kwenye maji, ni chumvi.

Kinachokera ni biashara yenyewe. Boksi hufunguliwi mpaka ulipe, ati ni la kampuni. Karatasi inasema kinafaa ukuta wowote. Na mgeni anatajiwa bei kwa dola. Shikilia kufunguliwa. Surveymaster huja na kidude cha kuhakikishia kipimo: gusisha sindano pale, namba ilingane na iliyoandikwa kwenye maelekezo. Kidude kikikosekana au namba ikikataa, mrejeshee boksi lake.